Mkono, Mashine na Jina: Uchambuzi wa Mjadala Kuhusu Sanaa za Mikono za Afrika Mashariki

Chanzo cha mkanganyiko

Kofia nyeupe iliyodariziwa, mlango wenye nakshi, mkoba wa ukili, kiondo cha katani na doti ya kanga ni vitu vinavyouzwa leo katika maduka ya Mombasa, Lamu, Unguja, Dar es Salaam na Nairobi kwa sifa tatu zinazotajwa kwa pamoja: kwamba ni vya mkono, ni vya asili, na ni vya kwetu. Sifa hizo huchukuliwa kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali kila moja ina maana yake. Sifa ya mkono hueleza namna kitu kilivyotengenezwa, sifa ya asili hueleza mtindo ulikotoka na umri wake, na sifa ya ukwetu hueleza ni nani mwenye haki nacho. Kanga ni ya Waswahili bila ubishi, lakini kwa sehemu kubwa ya historia yake haikuwa kazi ya mkono. Kofia iliyodariziwa kwa mashine katika nchi ya mbali hubeba umbo la asili bila kuwa ya mkono wala ya wenyeji. Na kikapu kilichosukwa kijijini kwa nyuzi za plastiki ni cha mkono hasa, ijapokuwa malighafi yake imetoka kiwandani.

Kuchanganywa kwa maana hizo ndiko kunakoufanya mjadala wa sasa kuhusu sanaa za mikono na teknolojia uzunguke palepale. Wapo wanaotaka mashine zizuiwe ili ufundi usife, wapo wanaoona kwamba anayekataa mashine anamhukumu fundi abaki maskini, na wapo wanaoamini kwamba suala lote litamalizwa na sheria za umiliki. Kila upande una hoja nzito, na kila upande huzungumzia jambo ambalo wenzake hawalizungumzii. Uchambuzi huu unaeleza usuli wa suala, unapima misimamo hiyo mitatu, kisha unatetea hoja kwamba mpaka unaostahili kulindwa hauko kati ya mkono na mashine kwa jumla, bali uko pale ambapo maamuzi ya fundi yanakoma, na pale ambapo jina la kitu linaacha kusema kweli.

Katika uchambuzi huu, sanaa za mikono ni kazi za uzuri na matumizi ambazo ujuzi wake hupokewa kwa kutenda, aghalabu nyumbani au kwenye karakana ndogo, kama vile ususi, darizi, ufumaji na uchongaji. Ubunifu ni uamuzi kuhusu umbo, rangi na nakshi ya kitu kabla na wakati wa kukitengeneza. Teknolojia ni kila chombo na mbinu inayoongeza nguvu ya mkono, kuanzia sindano na patasi hadi kompyuta.

Usuli: mapokeo yaliyozaliwa na biashara

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na wafumaji wa nguo karne nyingi kabla ya viwanda vya Ulaya. Vizito vidogo vya kusokotea uzi vimefukuliwa katika magofu ya Kilwa, na Ibn Battuta, aliyepita Mogadishu mwaka 1331, aliandika kwamba nguo za mji huo zilipelekwa hadi Misri. Katika karne ya 19 uliingia ushindani wa aina mpya, kwa kuwa wafanyabiashara wa Marekani walileta Zanzibar kitambaa kigumu cha pamba kilichofumwa kwa mitambo, nacho kikaenea mpaka bara na kuacha jina lake katika lugha, yaani merikani. Kitambaa hicho kilikuwa cha bei nafuu na cha upana unaolingana, sifa ambazo mfumaji wa mkono hakuweza kuzifikia. Wafumaji wa Benadiri, pwani ya Somalia, waliendelea na kazi yao hadi karne ya 20, na jambo moja lililowasaidia ni kuacha kusokota nyuzi wenyewe na kununua nyuzi za kiwandani, huku kazi ya kufuma ikibaki mikononi mwao. Walitoa hatua moja ya kazi kwa mashine ili wabaki na ile nyingine, na mfano huo utarejewa.

Kanga inafundisha jambo jingine. Jina lake la pili, leso, limetokana na neno la Kireno la kitambaa cha mkono, na simulizi iliyozoeleka husema kwamba wanawake wa pwani waliunganisha vitambaa sita vya namna hiyo na kupata nguo moja pana. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 wafanyabiashara walianza kuagiza nguo iliyochapwa ikiwa nzima, na mmoja wao, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, alianza biashara yake Mombasa mwaka 1887, na alama ya duka lake, "Mali ya Abdulla", ikawa maarufu. Kwa miongo mingi kanga zilichapwa ng'ambo, kama vile India, Ulaya na Japani, kabla ya viwanda kama Urafiki cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, kuanza kuzichapa nchini Tanzania. Hata hivyo hakuna anayeiona kanga kuwa nguo ya kigeni, kwa sababu mpangilio wa pindo, mji (sehemu ya katikati) na jina, yaani maneno yanayoandikwa sehemu ya chini ya mji, pamoja na desturi ya kuivaa, kuitunza na kuitumia kusema yasiyosemeka, vyote vimetoka kwa watumiaji wake. Kitenge kina historia inayofanana na hiyo, kwa kuwa Waholanzi walibuni katika karne ya 19 njia ya kuiga batiki ya Java kwa mitambo, na nguo hiyo ya kuiga ikapata makao Afrika kuliko ilivyopata huko ilikoigwa.

Hata sanaa ambazo leo hutajwa kuwa za kale zina sura hiyo. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa kutumia rangi za mafuta za viwandani juu ya ubao mwembamba wa kiwandani; akafariki mwaka 1972, na mtindo wake ukawa alama ya taifa katika muda usiofikia kizazi kimoja. Kiondo cha Wakikuyu na Wakamba kilisukwa awali kwa nyuzi za magome ya miti na vichaka, baadaye kikachukua katani, kisha nyuzi za rangi kutoka kiwandani. Kila badiliko lilileta rangi mpya na wanunuzi wapya, na mikono ya wasusi haikupoteza uongozi wa kazi.

Historia hii inaondoa dhana moja nzito, nayo ni kwamba palikuwapo wakati wa usafi ambapo sanaa za mikono hazikuguswa na mashine wala na soko la mbali. Lakini historia hiyohiyo haithibitishi kwamba kila mashine ni baraka. Inaonyesha tu kwamba jamii ilipobaki na uamuzi juu ya umbo na maana, iliweza kukipokea chombo kigeni na kukifanya chake.

Kilichobadilika katika zama hizi

Ikiwa teknolojia si ngeni, ni lazima ielezwe kwa nini wasiwasi wa leo ni mkubwa kuliko wa jana. Sababu ya kwanza ni kwamba mashine mpya zimeingia katika hatua ambayo zamani ilikuwa ya fundi peke yake, yaani hatua ya nakshi. Mashine ya kudarizi inayoongozwa na kompyuta husoma faili lenye mchoro na kuipeleka sindano mahali panapotakiwa, ikitoa kofia nyingi zinazofanana katika muda ambao mdarizi wa mkono hajamaliza safu moja ya matundu. Mashine ya kuchonga inayojulikana kwa mafundi kama CNC huzungusha ncha ya kukatia juu ya ubao kwa kufuata vipimo vya faili, ikatoa maua na mizabibu ya mlango bila patasi.

Sababu ya pili ni kwamba nakshi imetenganishwa na mtu. Zamani aliyetaka kuiga nakshi ya mlango wa Lamu ilimlazimu ajifunze kuchonga, na katika kujifunza huko alipokea pia adabu ya kazi, majina ya sehemu kama mfaa na mwimo, na wajibu kwa mwalimu wake. Leo picha moja ya simu inatosha kuzalisha faili, na faili linasafiri bila mwalimu. Katika nguo hali ni hiyohiyo: uchapaji wa skrini ulihitaji skrini moja kwa kila rangi, hivyo gharama ya kuanza ilikuwa kubwa na aliyeagiza alilazimika kuchapa majora mengi ili arudishe fedha zake, ilhali uchapaji wa kidijitali hunyunyizia wino moja kwa moja kwenye kitambaa na huwezesha hata vipande vichache kuchapwa. Uwezo huo ni ukombozi kwa mbunifu mdogo, na ni ukombozi uleule kwa mwigaji.

Sababu ya tatu ni akili unde, ambayo wengi huiita akili mnemba, yaani programu zinazozalisha picha kutokana na maelezo ya maneno baada ya kufunzwa kwa mamilioni ya picha zilizokusanywa. Tangu programu hizo zilipoenea kwa umma mwaka 2022, mtu asiyejua tofauti ya pindo na mji anaweza kuagiza mchoro unaofanana na kanga na kuupata kwa sekunde chache. Mchoro huo umechota katika kazi za wabunifu wengi, lakini hakuna hata mmoja anayetajwa wala kulipwa.

Msimamo wa kwanza: mkono ulindwe

Wanaotetea ulinzi wa kazi ya mkono huanza na hoja ya maarifa. Ujuzi wa mikono hauhifadhiki vitabuni, kwa kuwa sehemu yake kubwa imo katika nguvu ya kidole, pembe ya patasi na uamuzi unaofanywa papo kwa papo fundi anapokutana na fundo katika ubao. Kizazi kimoja kikiacha kutenda, kizazi kinachofuata hakipati pa kuanzia. Kwa mantiki hiyo UNESCO ilipitisha mwaka 2003 mkataba wa kulinda urithi wa utamaduni usioshikika, na utengenezaji wa nguo za magome ya mutuba nchini Uganda ukawekwa katika orodha yake mwaka 2008.

Hoja ya pili ni ya uchumi wa soko lisilo na ukweli. Mchumi George Akerlof alieleza katika makala yake ya mwaka 1970 kuhusu soko la magari yaliyotumika kwamba mnunuzi asipoweza kutofautisha kizuri na kibovu, hukubali kulipa bei ya wastani tu, na bei hiyo humwondoa sokoni mwenye kizuri kwa sababu haimrudishii gharama. Hali ya kofia ni hiyohiyo. Kofia ya mkono huchukua wiki nyingi, pengine miezi, kwa kuwa kila tundu hutobolewa na kuzungushiwa uzi, nayo huwekwa rafu moja na kofia ya mashine. Anayejua ataigeuza na kutazama ndani, kwa maana mashine hutumia nyuzi mbili, wa juu na wa chini, na upande wa nyuma hudhihirisha uzi wa pili, ilhali mkono hutumia uzi mmoja. Wengi hawajui, hulipa bei ya kati, na mdarizi ndiye anayeondoka.

Udhaifu wa msimamo huu hujitokeza unapogeuzwa kuwa amri. Mwandishi na mbunifu William Morris, aliyefariki mwaka 1896, aliongoza nchini Uingereza harakati za kurudisha heshima ya kazi ya mkono dhidi ya viwanda, lakini vitu vya karakana zake vilikuwa ghali kiasi kwamba wafanyakazi aliowatetea hawakuweza kuvinunua. India nayo ilijaribu njia ya sheria. Ilitunga sheria ya mwaka 1985 iliyotenga aina fulani za nguo zifumwe kwa vitanda vya mkono tu, na kwa miongo mingi bendera yake ilipaswa kutengenezwa kwa kitambaa kilichosokotwa na kufumwa kwa mkono, mpaka kanuni zilipolegezwa mwezi Desemba 2021 ili kuruhusu kitambaa cha mashine na poliesta. Mifano hiyo inaonyesha kwamba katazo peke yake hulemewa na tofauti ya bei. Aidha, ulinzi usioongeza kipato hugeuka mzigo kwa anayelindwa, kwani hutaka mwanamke anayesuka ukili kati ya kazi za shamba na za nyumba aendelee kuutunza urithi wa taifa zima kwa ujira ambao watetezi wenyewe wasingeukubali.

Msimamo wa pili: mashine ikumbatiwe

Upande wa pili hutanguliza riziki. Uchongaji una hatua ngumu zisizo na ubunifu, kama kutoa mbao nyingi ili kufikia kina cha nakshi, na hatua hizo humchosha fundi, humuumiza mgongo na hupunguza idadi ya kazi anazoweza kuzipokea kwa mwaka. Mashine ikizichukua hatua hizo, fundi hubaki na muda wa kubuni na kumalizia. Kijana anayekimbia karakana ya babu yake kwa sababu ya ujira mdogo huenda akabaki akiona kwamba kompyuta na patasi vinakaa meza moja. Kwa upande wa kanga, mbunifu asiye na mtaji wa kuagiza kwa wingi anaweza sasa kuchapa kidogo, kupima soko kwa simu yake, na kuuza moja kwa moja kwa Waswahili wa Muscat, London au Toronto bila kupitia mikono mitatu ya kati.

Msimamo huu una historia upande wake, kwa kuwa kanga, kitenge na tingatinga vyote vimeonyesha kwamba chombo kigeni kinaweza kubeba maana ya wenyeji. Kifaa cha kufuma cha Joseph-Marie Jacquard cha mwanzoni mwa karne ya 19, kilichoongozwa na kadi zenye matundu, kilimpa Charles Babbage wazo la kadi kwa ajili ya mashine yake ya hesabu, na kwa hiyo kompyuta yenyewe ina nasaba katika kitanda cha mfumi. Anayeona uhasama wa kuzaliwa kati ya ususi na kompyuta anasahau undugu huo.

Hata hivyo, hoja hii hudhani kwamba atakayemiliki mashine ni fundi, na dhana hiyo mara nyingi si ya kweli. Mashine hununuliwa na mwenye mtaji. Fundi asiyekuwa nao huajiriwa kulisha mbao au kukata nyuzi, na ubunifu huhamia kwa anayetengeneza faili. Kadhalika, mashine hupunguza tofauti, kwa sababu faida yake iko katika kurudia, na nakshi inayorudiwa mara elfu hupoteza uwezo wake wa kumtambulisha mwenye nyumba au mji wake. Kisa cha kiondo ni onyo la wazi: kilipopendwa Ulaya na Marekani katika miaka ya 1970 na 1980, viwanda vya Asia vilianza kutoa vikapu vya kuiga kwa bei ya chini, na soko ambalo wasusi walikuwa wamelifungua likawaponyoka. Mashine ilileta ustawi, lakini haukuwa wao.

Msimamo wa tatu: sheria na umiliki

Upande wa tatu unasema kwamba tatizo ni haki kabla ya kuwa chombo. Vyombo vya kisheria vipo vya aina kadhaa. Alama ya biashara hulinda jina. Usajili wa miundo ya bidhaa hulinda sura mpya ya kitu kwa muda maalumu. Na viashiria vya kijiografia hulinda jina la bidhaa ambayo sifa zake hutokana na mahali ilipotengenezwa, kama Zanzibar ilivyoweka katika sheria yake ya mali za viwanda ya mwaka 2008. Kuna pia sheria za urithi wa jumuiya: Itifaki ya Swakopmund ya ARIPO, shirika la kikanda la haki miliki barani Afrika, ilipitishwa mwaka 2010, Kenya ikatunga mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa ya jadi na maonyesho ya utamaduni, na mkataba wa sheria ya miundo uliopitishwa Riyadh mwezi Novemba 2024 unaruhusu nchi kumtaka mwombaji aeleze kama muundo wake umetumia maarifa au sanaa za jadi.

Nguvu ya njia hii ilionekana katika suala la kikoi. Mwaka 2006 kampuni moja iliomba nchini Uingereza kusajili neno la nguo hiyo, kwa tahajia ya Kikoy, liwe alama yake ya biashara, jambo ambalo lingewawekea vikwazo wauzaji wa Kenya katika soko hilo. Ombi likapingwa kisheria kwa niaba ya wazalishaji, na jina likabaki la wote. Ushindi huo uliokoa riziki kwa sababu ulilinda jina, ijapokuwa vikoi vingi hufumwa kwa mitambo.

Lakini sheria ina mipaka mitatu. Kwanza, hulinda kilicho kipya kwa urahisi kuliko kilicho cha kale, na nakshi za milango au mpangilio wa kanga ya kisutu, pamoja na rangi zake nyekundu, nyeusi na nyeupe, havina mbunifu mmoja anayeweza kwenda ofisini kusajili. Pili, mpaka wa jumuiya haueleweki kirahisi: kofia ya darizi ni ya Lamu, ya Unguja, ya Barawa na pia ya Oman, ambako inaitwa kumma, na kumpa mmoja wao haki ya peke yake ni kuwadhulumu ndugu zake. Tatu, kesi hugharimu fedha na muda, ilhali mwigaji hubadilisha ua moja au rangi moja na kuendelea. Kuhusu akili unde, sheria bado inatafuta msingi. Mahakama za Marekani zilishikilia katika shauri la Stephen Thaler, mwaka 2023 na tena katika rufaa ya mwaka 2025, kwamba kazi isiyo na mtunzi binadamu haipati hakimiliki, lakini uamuzi huo haujibu swali la wabunifu ambao kazi zao zilitumika kuifunza programu.

Kupima misimamo

Misimamo mitatu ikiwekwa pamoja, inaonekana kwamba wa kwanza unalinda maarifa na kusahau tumbo, wa pili unalisha tumbo na kusahau mwenye mashine, na wa tatu unalinda jina lakini hauwezi kumfundisha mtu kuchonga. Kinachohitajika ni kipimo kinachoweza kutumika kwa kila fani kwa namna yake, na kipimo hicho kina maswali matatu: ni katika hatua ipi maamuzi ya fundi ndiyo yanayokipa kitu thamani yake, je, jina linaloandikwa juu ya kitu linasema kweli kuhusu hatua hiyo, na je, sehemu ya mapato inamrudia mwenye maamuzi?

Mfano bora wa kipimo hicho unatoka visiwani Uskoti. Sheria ya bunge la Uingereza ya mwaka 1993 inaeleza kwamba kitambaa cha sufu kinachoitwa Harris Tweed ni kile kilichofumwa kwa mkono na wenyeji wa visiwa vya Outer Hebrides katika nyumba zao, kwa sufu iliyotiwa rangi na kusokotwa visiwani humo. Sheria haikukataza kusokota kwa mitambo ya kiwanda, wala haikudai kila hatua iwe ya mkono. Ilichagua hatua moja inayobeba thamani, yaani kufuma, ikaifunga kwa mahali, na ikalinda jina. Uamuzi huo unafanana na ule wa wafumaji wa Benadiri, ila hawa wa Uskoti walikuwa na alama na sheria nyuma yao.

Kipimo hicho kikipelekwa kwenye kofia, hatua yenye thamani ni matundu na mishono. Mchoro unaotangulia kuwekwa juu ya kitambaa unaweza kutolewa na kompyuta bila kuidhuru kazi, lakini kofia iliyodariziwa kwa mashine haina budi kuitwa ya mashine. Kuikataza hakuna haja, kwa kuwa inamvisha asiyeweza kununua ya mkono. Kuiuza kwa jina la mkono ni udanganyifu unaomwibia mdarizi.

Kwenye milango, jibu hutegemea mlango wenyewe. Tamko la Nara la mwaka 1994 kuhusu uhalisi wa urithi lilieleza kwamba uhalisi hupimwa ndani ya utamaduni husika, likataja umbo, malighafi, mbinu na matumizi miongoni mwa vigezo. Kwa hiyo katika kukarabati majengo ya Mji Mkongwe wa Zanzibar na mji wa kale wa Lamu, yaliyoingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000 na 2001, patasi ni sehemu ya kinachohifadhiwa na haifai kuachwa. Katika nyumba mpya au hoteli, mashine inaweza kutoa mbao na fundi akamalizia kwa mkono, maadamu mteja ameambiwa. Jicho lililozoea litatambua hata hivyo, kwa sababu ncha inayozunguka huacha mviringo mdogo katika pembe za ndani, na patasi hukata pembe kali.

Kanga inageuza mambo, kwa kuwa hapo mkono haukuwahi kuwa kipimo. Thamani iko katika uchaguzi wa mji, pindo na jina, na katika pamba inayokubali jasho, maji na mtoto wa mgongoni. Kwa hiyo hatari ya kanga haitoki kwenye uchapaji wa kidijitali, bali inatoka kwenye poliesta inayoitwa pamba, na kwenye mchoro na maneno ya mbunifu yanayopigwa picha leo na kuchapwa ng'ambo kesho. Hapa sheria ya miundo na hakimiliki ina kazi kubwa kuliko ulinzi wa ufundi.

Ukili nao una adui mwingine kabisa. Kazi ya kuanika majani machanga ya mkindu, kuyachemsha na rangi, kuyasuka yakawa ukanda mrefu, kisha kuushona ukanda huo ukawa mkeka, bado ni ya mikono. Kilichouondoa mkeka sebuleni ni mkeka wa plastiki unaooshwa kwa maji na kununuliwa kwa fedha kidogo. Kumwambia msusi ashindane kwa bei ni kumwelekeza kushindwa. Njia iliyobaki ni kubadili kitu kinachosukwa, kama mikoba, vikapu vya kupamba kuta na vivuli vya taa vinavyotafutwa sasa na wapambaji wa nyumba. Njia hiyo ina hatari yake, kwani mitindo ya mapambo hupita, na kisa cha kiondo kinashauri kwamba msusi asitegemee mtindo mmoja wala mnunuzi mmoja.

Kinachounganisha fani zote nne ni lebo ya ukweli inayosema hatua ipi imefanywa na mkono, wapi, na kwa malighafi gani. India ilianzisha mwaka 2006 alama ya namna hiyo kwa nguo za vitanda vya mkono. Alama hufanya kazi pale tu inapokaguliwa, na ukaguzi una gharama. Lakini gharama hiyo inaweza kubebwa na vyama vya ushirika, ambavyo si vigeni katika ukanda huu, kama inavyoonekana kwa ushirika wa wachoraji wa Tingatinga ulioanzishwa mwaka 1990. Ushirika unaomiliki mashine pamoja hujibu pia swali la tatu la kipimo, kwa sababu mashine ikiwa ya mafundi, muda inaouokoa unakuwa wao.

Hitimisho

Mkanganyiko kuhusu sanaa za mikono umetokana na kuyafanya maneno matatu kuwa moja: mkono, asili na ukwetu. Historia ya pwani inaonyesha kwamba vitu vingi vinavyopendwa vilizaliwa katika biashara na mitambo, na kwamba vilikuwa vya wenyeji kwa sababu wenyeji ndio walioamua viwe nini. Tofauti ya zama hizi ni kwamba mashine zimeifikia nakshi yenyewe na zinaweza kuibeba mbali na aliyeibuni. Kuzikataza mashine kutashindwa na bei, kuzipokea bila masharti kutahamisha riziki kwa wenye mitaji, na sheria peke yake haitamkuza fundi hata mmoja.

Inabaki njia ndefu ya kupambanua kazi kwa kazi: mdarizi alindwe katika tundu, mchongaji katika patasi pale urithi unapohusika, mbunifu wa kanga katika mchoro na maneno yake, na msusi wa ukili katika soko la vitu vipya. Serikali, maduka na wanunuzi wanaweza kuanza pamoja na jambo dogo linalowezekana leo, nalo ni kukiita kila kitu kwa jina lake. Mnunuzi akiambiwa ukweli anaweza kuchagua kofia ya bei nafuu bila aibu, na anaweza kuilipia ya mkono akijua anamlipa nani. Pasipo ukweli huo, hata anayeupenda ufundi kwa dhati husaidia kuuzika kila anapofungua mkoba wake.